Kisima cha Bi Somoe na Ramani Nyekundu

Mwezi uliopita tulimzika Dk. Nambunga pale Lindi. Udongo ulipokwisha kusawazishwa na dua kusomwa, kaka yake alisogea pembeni ya kaburi akasema maneno yanayosemwa kwenye maziko yetu yote: kama kuna anayemdai marehemu aonane na familia, na kama kuna mtu yeyote ambaye marehemu alimkosea, familia inamwombea msamaha. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe," haraka haraka, huku wengine wanakung'uta mchanga kwenye kanzu. Mimi sikuitikia. Nilisimama nyuma, karibu na vijana walioshika makoleo. Mtu wa pembeni yangu alinishika bega, akidhani nimezidiwa na majonzi. Majonzi gani! Kilichonizuia ni kinyaa, kinyaa kilekile cha mwaka ule, ambacho nilidhani uzee ungenisaidia kukimeza.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla jeneza halijapelekwa msikitini, msomi mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam alitusomea wasifu wa marehemu kwa kipaza sauti, sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Alisoma vyeo, alisoma safari za nje, kisha akafika kwenye ile makala. "Utafiti wake wa maji ya visima vya pwani, kuanzia Kilwa hadi Sudi," alisema, "unanukuliwa na wataalamu mpaka leo, na umebadilisha maisha ya wananchi." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja akasema mashaallah. Umebadilisha maisha ya wananchi! Basi hapo hakusema uongo. Nilikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikakiweka chini.

Ndiyo maana nauandika mwaka ule. Nilikotoka na nani alinisomesha si habari ya sura hii. Itoshe kusema nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya jiolojia, suruali mbili na majivuno ya kuwatosha watu watatu, na Dk. Nambunga akaniajiri kuwa msaidizi wake. Tulipanga nyumba Lindi mjini, juu kidogo ya bandari, nyumba ya bati yenye vyumba vilivyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Sebuleni kulikuwa na meza ya Daktari, ramani zilizobandikwa ukutani, na friji moja iliyokuwa ya mradi lakini ikageuka ya kila mtu. Chupa zetu za maji ya visima zilikaa humo pamoja na changu na pweza. Nikifungua asubuhi nitoe sampuli, harufu ya samaki inanipiga usoni kwanza, na vile vikaratasi vya majina ya visima vimelowa maji ya samaki. Nilimwomba Daktari samaki watafutiwe mahali pengine. Akasema chupa zimezibwa, harufu haiingii kwenye namba. Ndivyo alivyokuwa huyo bwana: kisichoingia kwenye namba zake kilikuwa hakipo. Hata ulaji wake sikuupenda, Mungu anisamehe. Wali wa nazi ukiiva, anaanza na kichwa cha samaki, anakifyonza mpaka macho, na miba anaitema juu ya karatasi yoyote iliyo karibu, hata iwe karatasi ya vipimo vya siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa nakung'uta.

Kazi yenyewe niliipenda, sitaki kudanganya. Dereva wetu alikuwa Fidelis, Mmakonde wa kule juu Newala, Mkristo, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alituendesha tangu Likawage, ambako watu wanalima na bahari wanaisikia tu kwa jina, mpaka huku chini Sudi ambako samaki anavuliwa asubuhi na kuliwa mchana. Kwenye kila kisima nachota maji, natumbukiza mashine ndogo ya kupimia chumvi, namba inatokea, naandika, tunaondoka. "Mtani," Fidelis aliniambia siku moja, anatafuna ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, mdomo umejaa, "shule yote ile, kumbe ulikwenda kusomea kuchovya?" Nilicheka, lakini nilijua ninachochovya. Hoja ya Daktari ilikuwa kwamba ukitoka bara kuelekea baharini, chumvi ya visima inaongezeka hatua kwa hatua, mstari mmoja ulionyooka kwenye grafu. Na kweli, kisima baada ya kisima, mstari ulinyooka. Aliupenda mstari ule jamani! Jioni alikuwa anaufungua kwenye kompyuta, anautazama tu, anatabasamu peke yake.

Kisima cha Bi Somoe ndicho kilichouvuruga. Kilikuwa kwenye kitongoji nyuma ya Sudi, juu ya tuta la mchanga, na ukisimama mdomoni mwake unaiona mikoko kwa macho. Mahali kama hapo unategemea maji ambayo ukiyapikia hutii chumvi. Mwenye kisima alikuwa mama mmoja mfupi, umri umeshamwendea, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, baba. Mmekuja kupima au mmekuja kunywa?"

"Kupima, Bibi."

"Basi kunyweni kwanza. Mtu mwenye kiu atapima nini?"

Tukanywa. Fidelis alishusha kikombe, akanitazama, akakinyoosha aongezewe. Maji yalikuwa baridi na matamu kabisa. Bi Somoe akatuambia, bila kuulizwa, kwamba kisima kile alimchimbia mama yake. Mwaka mama alipofariki ndugu walitaka ifanyike karamu kubwa, yeye akakataa, akauza korosho zake zote za msimu akawaita wachimbaji. "Karamu watu wanakula wanakwenda zao," alisema. "Hii ni sadaka ya kudumu. Kila anayekunywa hapa, mama yangu anaandikiwa thawabu kule aliko. Ndiyo maana siuzi hata ndoo moja. Watoto wa madrasa wanakunywa, wapita njia wanakunywa, mbuzi pia wanakunywa. Nyinyi leo mmeshamfaa mama yangu." Alisema hivyo akiwa anacheka, lakini niliona jinsi alivyoufuta mdomo wa kisima kwa upindo wa kanga yake, pale ndoo ilipodondoshea matope. Kwa Bi Somoe, mama yake alikuwa bado anategemea kisima kile.

Nikapima. Namba ikatoka ndogo, ndogo kuliko za visima vya bara ambako bahari haionekani. Nikaosha mashine, nikapima tena, ileile. Nilifurahi kama mtoto. Sababu niliisoma vitabuni: mvua inayonyesha juu ya tuta lile inazama kwenye mchanga, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi yanakaa juu ya yale ya chumvi bila kuchanganyika upesi. Lakini kuisoma ni kitu kimoja, na kuinywa kutoka kwenye kikombe cha bati cha Bi Somoe ni kingine.

"Majibu mtaniletea lini?" aliuliza.

"Yatakuja, Bibi, kwa maandishi," akamjibu Daktari, ambaye siku hiyo tulikuwa naye.

"Maandishi mimi sijui. Niambieni kwa mdomo."

"Maji yako matamu, Bibi," nikasema. "Hayana tatizo lolote."

Daktari alinikata jicho. Kwenye gari akanisomea somo zima: majibu hapewi mtu kabla jarida halijayachapa, maana yakishazagaa vijijini jarida litasema si mapya tena.

"Kwa hiyo," akauliza Fidelis, "mwenye maji asijue maji yake mpaka Wazungu wayasome kwanza?"

"Fidelis, tazama barabara."

Nilirudi kwenye kisima kile tena na tena, masika na kiangazi, na kila mara maji yalikuwa yaleyale. Daktari akaandika makala, akaipeleka kwenye jarida moja la nje, likaipeleka kwa wapitiaji. Kwa asiyejua, hawa ni wataalamu wanaosoma kazi yako majina yao yamefichwa, wanasema ipite au isipite. Mmoja wao alikuwa mtu makini. Aliuliza swali moja tu la maana: kisima kimoja karibu na bahari hakifuati mstari, waandishi waeleze sababu au wakapime upya. Swali zuri lile! Nilimpenda mtu yule bila kumjua. Jioni ya siku hiyo, baada ya magharibi, nimejilaza chumbani kwangu, nikamsikia Daktari anaongea kwa simu na mkubwa wake wa Dar es Salaam. Nyumba yetu haikuwa na dari, kuta ziliishia njiani, kwa hiyo alichosema chumbani kwake nilikisikia chote kana kwamba tunalala kitanda kimoja.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo, mzee," alikuwa anasema, kwa sauti laini ambayo sisi hatukuwahi kuisikia. "Ni pointi moja tu, inanichafulia mstari... Hapana, kueleza itakuwa makala nyingine kabisa, na kamati ya vyeo inakaa karibuni... Naam. Naitoa. Nitaandika chombo kilikuwa na hitilafu, kwa hiyo kisima hicho hakikuhesabiwa... Jina lako? Mzee, jina lako lipo, tena la pili, baada ya langu!" Akacheka. Nilisikia kitanda chake kinalia kwa kile kicheko. Huyo mkubwa wake, nawaambieni, hakuwahi kukanyaga Sudi. Hakuwahi hata kufika Lindi kula samaki.

Asubuhi tulikuwa tunakula mbaazi za nazi na mandazi. Andazi langu nikaliweka chini kwanza.

"Daktari, kile kisima cha Bi Somoe nimekipima mwaka mzima. Mashine haina hitilafu."

Akaacha kutafuna. "Siku hizi unasikiliza simu za watu?"

"Nyumba haina dari, Daktari."

Fidelis alipaliwa na chai, akatoka nje kukohoa.

"Kijana," Daktari akasema, "kwenye sayansi pointi moja ni kelele. Unaiacha, unaendelea na mengine."

"Hiyo pointi watu wanakunywa. Tena ndiyo habari yenyewe, Daktari! Tungeandika kuhusu hiyo, kwamba kuna maji matamu chini ya tuta, tukatafuta mengine. Watu wa pwani nzima wangefaidika."

"Utaandika wewe, ukishakuwa na jina," akasema, akalichovya andazi lake kwenye mbaazi na kulitia lote mdomoni. Mchuzi ulimchuruzika kidevuni, akaufuta kwa kiganja, akaifungua kompyuta kwa kiganja hichohicho. Niliacha chakula changu pale.

Lakini ubaya ulikuwa bado. Jarida lilitaka ramani. Na ramani hizi hazichorwi na mtu. Unaipa kompyuta vipimo vyako, nayo inapaka rangi pwani nzima, hata sehemu ambazo hukupima, kwa kukisia kutoka kwa visima vya jirani. Bluu kwa maji matamu, nyekundu kwa maji ya chumvi. Kisima cha Bi Somoe kilipotolewa, kompyuta haikuacha tundu. Ilikisia. Ikalipaka tuta lile rangi nyekundu, nyekundu ya damu ya ng'ombe, kwa sababu majirani zake wote walikuwa na chumvi. Hakuna mahali Daktari aliandika uongo, mnaelewa? Hakusema kisima kile kina chumvi. Alikiondoa tu, rangi ikasema yenyewe. Leo vijana wananiletea makala zao nizipitie, na kila nikiona ramani nzuri yenye rangi zake natafuta kwanza vidoti, wapi mtu alisimama akachota maji na wapi kompyuta ilijisemea. Wananiona mzee msumbufu. Mmoja aliniandikia kwamba nachelewesha kazi za watu, na mimi nikamjibu achelewe.

Makala ikatoka. Siku hiyo Daktari alichinjisha mbuzi, tukala pilau, akawapigia simu watu wake wote mpaka simu ikaisha chaji. Jina langu halikuwemo kwenye waandishi. Lilikuwa mwisho kabisa, sehemu ya shukrani, pamoja na "wanavijiji kwa ushirikiano wao". Mkubwa wa Dar es Salaam alikuwa wa pili, kama alivyoahidiwa, na wa tatu alikuwa shemeji wa mkubwa. Sikujali jina langu, au niseme ukweli, nilijali kidogo, lakini kilichonitoa usingizini ni rangi ile. Nikawaandikia wahariri wa jarida, nikawaeleza kisima kilivyotolewa, nikawapa vipimo vyangu vyote. Walijibu upesi na kwa adabu sana. Walisema masahihisho hupokelewa kutoka kwa mwandishi mwenye dhamana ya mawasiliano, na kwa kuwa mimi si miongoni mwa waandishi, nimwombe yeye awasilishe. Mwandishi mwenye dhamana alikuwa Dk. Nambunga! Yaani mwizi ndiye akaripoti wizi wake. Nilimpelekea Daktari jibu lile mkononi. Alilisoma, akanirudishia, akaniuliza kama friji imesafishwa.

Halafu ikaja habari ya bomba. Kulikuwa na mradi wa maji uliotaka kuchimba kisima kirefu bara na kuleta bomba mpaka kitongoji cha Bi Somoe. Jambo jema, nani angelikataa? Ila wafadhili waliweka sharti kwamba visima visivyofaa vifukiwe, watu wasirudi kwenye maji mabaya. Visivyofaa ni vipi? Wakatafuta utafiti, wakaupata, tena wa Daktari wetu, tena umechapwa nje. Eneo lote jekundu, visima vifukiwe. Nilimfuata Daktari chumbani kwake, nikamwomba, na sioni haya kusema nilimwomba kwa unyenyekevu: aandike mistari miwili tu kwa watu wa mradi, kwamba kisima kile kimoja kisiguswe. Alikuwa anajipaka mafuta ya nywele mbele ya kioo.

"Nikiandika hivyo, si nitakuwa nasema makala yangu ina kasoro?"

"Ina kasoro, Daktari."

"Watapata bomba. Wanataka nini tena?"

Siku ya kufukia ilikuwa Ramadhani, saa za alasiri, jua kali na watu midomo imekauka. Nilikwenda na Daktari kwa sababu wafadhili walitaka apigwe picha pale, mtafiti na jamii yake. Tipa la kifusi lilikuwa limeshafika, na afisa wa mradi, kijana nadhifu mwenye kofia ya mkeka, alikuwa anaelekeza lirudi nyuma, huku akituambia kwamba bomba limeshafunguliwa tangu asubuhi. Wanawake wa kitongoji walikuwa wanachota kwa fujo, ndoo, madumu, mitungi, hata masufuria, kama watu waliosikia maji yanakwisha duniani. Bi Somoe alikuwa amekaa mdomoni mwa kisima, miguu ameikunja, hachoti.

"Rashidi," aliniita aliponiona, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imeshuka. "Si uliniambia maji yangu matamu?"

"Matamu, Bibi. Nilipima mwenyewe," nikasema kwa nguvu, kila mtu asikie. "Bwana Afisa, kisima hiki kilitolewa kwenye utafiti. Ile rangi ni ya kukisia."

Afisa akamgeukia Daktari. Daktari hakunitazama. "Kipimo cha kijana kilikuwa na hitilafu," alisema. "Imeandikwa kwenye makala."

"Basi tupime tena, sasa hivi!"

"Mashine imesharudi Dar es Salaam," akasema, na hilo lilikuwa kweli. Nikasema nijaze chupa niipeleke mimi mwenyewe, kisima kisubiri. Afisa akasema tipa limekodiwa kwa leo.

Bi Somoe akainuka. Akachota, akamnyooshea afisa kikombe. "Onja."

"Bibi, nimefunga."

"Onja uteme. Mpishi wa futari si anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema, na funga yake ipo? Onja, mwanangu. Tia ulimi tu."

"Bibi, usinitie kwenye makruhu, mambo yasiyopendeza kwa aliyefunga."

Akamgeukia Daktari. Daktari akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Nimefunga, Bibi," alisema kwa upole wa mtu anayetoka kuswali. Mwezi mzima ule nilikuwa namwona mchana akifunga mlango wa chumba, kisha nasikia kikombe kikigonga kisosi huko ndani. Nyumba haikuwa na dari! Nilitamani nimtemee mate usoni pale pale, lakini yangu yalikuwa yamekauka.

Fidelis ndiye aliyekipokea kikombe. "Mniwie radhi, nakunywa mbele yenu," aliwaambia watu, akanywa chote taratibu. "Maji matamu haya, Bwana Afisa. Mimi sijafunga, sina sababu ya kusema uongo wala kuogopa makruhu."

"Ulimi si kifaa," Daktari akasema. "Fidelis, nenda kwenye gari."

Wakamwondoa Bi Somoe kwa heshima, wanawake wawili wamemshika mabega, afisa anasema samahani mama, samahani mama. Tipa likamwaga. Mawe ya matumbawe, matofali yaliyovunjika, vyuma vya dirisha la zamani, vyote vikaingia kwenye yale maji kwa kishindo ambacho sijui niwaelezeje. Vumbi likatufunika. Bi Somoe hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Mama, wamekukatia thawabu zako," akarudia, "wamekukatia, mama," mpaka wakamwingiza nyumbani. Mpiga picha akamwomba Daktari asogee kidogo kulia.

Tungeondoka mapema, lakini tipa lilizama kwenye mchanga wa tuta, na lilikuwa limeziba njia. Tukalisukuma, tukachimba matairi, tukatafuta mbao, jua likazama tungali pale. Adhana ikasikika. Na kwetu huku, adhana ya magharibi ya Ramadhani ikikukuta mlangoni kwa mtu, huachwi uende. Kijana mmoja akatoka kutuambia Bi Somoe anasema tuingie tufuturu. Nilidhani Daktari atakataa. Angalau hilo, nilijiambia, aone haya, akae kwenye gari. Akanawa mikono, akaingia, akakaa kwenye mkeka barazani pale penye nafasi nzuri.

Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyetuandalia, macho yamevimba. Alileta tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, na mtungi wa maji. Akatumiminia mmoja mmoja, kwenye vikombe vya bati. Tulikuwa tumesukuma gari kwa jua lile. Hakuna aliyegusa uji kabla ya maji. Afisa alisema bismillah, akakimaliza chake kwa mkupuo mmoja, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Mnaona raha ya maji ya bomba?" alisema. "Matamu kabisa."

"Bomba lenu halijatoa hata tone," akasema Bi Somoe. "Hayo ni ya mama yangu. Ndiyo ya mwisho. Kunyweni, yeye hakumnyima mtu."

Afisa alikitazama kikombe chake kitupu, akakiweka chini pole pole, na hakula kitu tena jioni ile. Mimi sikumwangalia yeye sana. Nilimwangalia Daktari. Alikuwa ameyasikia yote, kikombe kimemganda midomoni, na kwa muda ule mdogo, naapa, nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu kama angesema neno moja, hata samahani ya uongo. Akamalizia kunywa. Akalamba midomo yake.

"Niongezee kidogo, Bibi," akasema, akanyoosha kikombe.